Bibi Anataka Kutembea



Katika jumuiya yetu hapa Mbinga yupo mama mwenzetu mwenye miaka 64. Siku moja baada ya sala alisimama akasema anataka kutembea kwa miguu hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66. Kila mwenye moyo amchangie kwa kilomita, na fedha ziwanunulie yatima wa jumuiya sare na madaftari. Tulicheka. Tunakiri, tulicheka. Wanawe wao walikasirika: watu watasema wamemtelekeza mama yao mpaka anaomba barabarani.

Tulipofika nyumbani tukafungua Kitabu cha Yoshua, sura ya 14. Kalebu ana miaka 85, naye haombi mahali pa kupumzika, anaomba nchi ya milima ambayo bado ina maadui. Basi mwaka 2015, mama wa Marekani aitwaye Anne Lorimor, mwenye miaka hiyohiyo 85, alifika kilele cha Kilimanjaro. Mwaka huohuo Angela Vorobeva wa Urusi alifika akiwa na miaka 86. Bi Lorimor akarudi tena, na tarehe 18 Julai 2019 akasimama Uhuru, mita 5,895, akiwa na miaka 89. Alipanda ili kuwachangia watoto na vijana wenye shida.

Je, bibi wa Umatengo ana miguu dhaifu zaidi? Tazameni ngolo zetu kwenye miteremko. Wanaume hufyeka na kulaza nyasi katika miraba, lakini wanaochimba mashimo na kufukia nyasi hizo kwa udongo ni sisi wanawake, na wengi wetu tuna wajukuu. Mzigo wa kuni tunaopanda nao kila jioni hakuna aliyewahi kuuhesabu kwa kilomita.

Lakini tusidanganyane, umri ni umri. Tulimpeleka mwenzetu zahanati kwanza, na presha ikakutwa iko juu. Alilia, akidhani basi. Mganga alimpa dawa, akamwambia atembee kidogo kidogo na arudi kupimwa kila mwezi. Safari ikasogezwa mbele miezi mitatu. Sasa kila alfajiri twatembea naye, wawili au watatu kwa zamu, tukisali rozari njiani. (Wengine wetu tumepungua viuno bila kukusudia.)

Jambo lililotushangaza ni magoti. Barabara ile hushuka kutoka milimani hadi Ziwa Nyasa, na kushuka huyaumiza magoti kuliko kupanda. Kwa hiyo atakwenda siku tatu, si moja. Atalala kwa akina mama wenzetu wa njiani, na jua likizama hakuna kutembea. Viatu avae vilivyokwisha kuzoea mguu, si vipya vya Jumapili.

Fedha hatazishika yeye. Mama wawili wana daftari, kila anayetoa anapewa stakabadhi, na hesabu itasomwa hadharani baada ya Misa, pamoja na bei ya kila sare.

Wiki iliyopita presha ilikuwa imeshuka, na mganga amekubali. Mwanawe mkubwa, yule aliyekasirika kuliko wote, amejiandikisha shilingi 1,000 kwa kila kilomita. Ametoa sharti moja tu: pikipiki itakayobeba maji nyuma ya mama yake aiendeshe yeye mwenyewe.