Kulia, Kushoto na Asali ya Tabora: Hoja Kuhusu Istilahi za Kemia

Asali ya miombo ya Tabora ina asidi, ingawa ulimi huionja kama utamu mtupu. Iliyo kuu ni asidi ya glukoniki, itokanayo na glukosi inapooksidishwa kwa kimeng'enya cha nyuki. Asidi hiyo yatosha kuonyesha hatari ya kuzitafsiri herufi D na L, zinazotangulia majina ya sukari na asidi, kuwa "ya kulia" na "ya kushoto".

Kishawishi cha kufanya hivyo kinaeleweka, kwa kuwa asili ya herufi hizo ni maneno ya kigeni yenye maana hiyohiyo. Lakini tangu kazi za Emil Fischer (1891) na Rosanoff (1906), herufi hizo hutaja mpangilio wa atomi katika molekuli, wala si upande ambao nuru iliyopolarishwa huzungushwa. D-glukosi huizungusha nuru kulia. D-fruktosi huizungusha kushoto, tena kwa nguvu zaidi. Kwa sababu hiyo asali ya maua kwa kawaida huzungusha kushoto, ilhali sukari zake kuu zote mbili ni D. Mkaguzi aliyefundishwa kwamba D ni "kulia" ataitilia shaka asali safi, na huenda akaridhika na ile iliyochanganywa na sukari ya miwa, ambayo huvuta kipimo upande wa kulia.

Kwenye asidi mambo huwa magumu zaidi. Asidi ya D-glukoniki iliyoyeyushwa punde huzungusha nuru kushoto kidogo. Sehemu yake inapogeuka kuwa laktoni, kipimo huhamia kulia. Hakuna kaboni iliyobadili mpangilio wake. Asidi ya laktiki ya L, ipatikanayo katika maziwa ya mgando, huzungusha kulia, na chumvi zake kushoto. Asidi ya tartariki ya ukwaju kwa desturi huandikwa L, nayo huzungusha kulia.

Pasteur alizitenga tartarati mbili mwaka 1848 kwa kutazama fuwele na nuru, bila kuujua mpangilio. Fischer aliukisia tu. Ni Bijvoet na wenzake waliouthibitisha kwa eksirei mwaka 1951. Kisio hilo lingeshindwa, michoro yote ingegeuzwa, na polarimita zisingebadilika hata nyuzi moja.

Kiswahili kilifika Unyanyembe pamoja na misafara ya karne ya 19, na njia hiyo yenyewe yatoa mfano. Mpagazi aliyeelekea Ujiji alikuwa na kaskazini kuliani kwake. Alipokuwa akirudi Bagamoyo, kaskazini ileile ilikuwa kushotoni. Kulia ni kwa mtazamaji. Ndiyo maana neno hilo lafaa kwa nuru, ambayo huelezwa kwa kumrejelea anayeitazama ikimjia, na alama zake ni (+) na (−).

Kwa mpangilio, yafaa herufi D, L, R na S ziachwe kama zilivyo, na dhana yenyewe iitwe mpangilio. Wapo watakaopendelea "kuume" na "kuke" ili kukwepa mgongano. Lakini kuume ni kulia kulekule kwa jina la zamani. Tangu TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, wanaistilahi wamekuwa na pa kuanzia. Kilichobaki hapa ni kukataa neno moja kubebeshwa dhana mbili, kabla halijazoeleka madarasani.