Somo la Udongo Lianzie Shimoni

Katika shule zetu za msingi, somo la udongo ni miongoni mwa masomo yanayomalizika upesi mno. Mwalimu huandika ubaoni kwamba udongo ni wa aina tatu: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Wanafunzi hunakili, hukariri sifa za kila aina, na juma linalofuata huulizwa maswali ambayo majibu yake yamo katika daftari. Wanachuo wengi waendao mazoezi ya kufundisha hulipenda somo hili kwa sababu ya wepesi wake. Maoni yangu ni kwamba wepesi huo ndio kasoro. Mgawanyo wa aina tatu si wa uongo, lakini ni mwanzo tu wa kazi. Na mwalimu anayeufanya kuwa mwisho humnyima mtoto wa Dodoma maarifa ya ardhi inayomlisha yeye pamoja na mifugo ya kwao.

Tuchukue aina moja tu, yaani mfinyanzi. Kitabu husema kwamba chembe zake ni ndogo sana, kwamba hunata ukilowa, na kwamba haupitishi maji kwa urahisi. Ni kweli. Lakini mtoto wa uwanda wa kati huona mfinyanzi wa namna mbili, na tabia zake hazifanani. Wa kwanza ni ule mwekundu wa miinuko na miteremko, ambako mifugo huchungwa. Mara nyingi tabaka lake la juu lina mchanga mwingi, na mfinyanzi huongezeka kadiri tunavyochimba kwenda chini. Mvua ikinyesha hulimika. Mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu mithili ya tofali. Mahali ambapo nyasi zimeliwa zikaisha, matone ya mvua huupiga uso wake hata ukafanya gamba, na maji hutiririka badala ya kuzama. Hapo ndipo makorongo huanzia. Wa pili ni mweusi au wa kijivu, nao hukaa mabondeni, katika tambarare ziitwazo mbuga. Huo huvimba ukilowa, na ukikauka hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutumbukiza mkono. Wanafunzi wengi wa leo wakisikia neno mbuga hufikiri juu ya tembo na watalii; ni wajibu wa mwalimu kuwakumbusha kwamba neno hilo ni jina la ardhi pia.

Kwa nini mifinyanzi miwili itofautiane hivyo? Jawabu ni kwamba wingi wa mfinyanzi hautoshi kutueleza tabia yake. Lazima tujue na aina ya madini yaliyomo. Katika udongo mwekundu wa miinuko madini ya kaolinaiti ni mengi, nayo yana matabaka yaliyoshikamana sana, maji hayapenyi kati yake. Katika udongo wa mbuga yamo madini ya jamii ya smektaiti, ambayo hupokea maji kati ya matabaka yake na kuyaachia wakati wa kiangazi. Kwa hiyo udongo huo hutanuka na kusinyaa kila mwaka. Mabonge ya juu hudondokea ndani ya nyufa, na mvua zikirudi, udongo ulioko chini husukumana hata nyuso zake zikang'aa kama zilizopigwa msasa. Wataalamu huuita vatisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza, kwa kuwa ni udongo unaojigeuza wenyewe. Kuupa jina hilo hawatazami weusi wake. Hudai mfinyanzi usiopungua asilimia 30, nyufa wakati wa ukavu, na zile nyuso zinazong'aa. Mtoto wa darasa la tano hana haja ya jina hilo. Mwalimu ana haja nalo, ili ajue kwamba kuainisha udongo ni kuuliza unavyotenda, wala si kutazama rangi tu.

Jambo hili lina historia katika nchi yetu. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliona kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa utaratibu kutoka kileleni hadi bondeni, na kwamba utaratibu huo hurudiwa kilima baada ya kilima. Mfuatano huo aliuita katena, yaani mnyororo, na mwaka 1935 akautangaza kwa maandishi. Istilahi hiyo hutumika hadi leo duniani kote. Lakini wakulima hawakumngojea mtaalamu. Wasukuma wana majina yao: luseni kwa udongo wa kichanga, itogolo kwa ule wenye tabaka gumu chini yake, na mbuga kwa mweusi wa bondeni. Mwanachuo atakayepangiwa shule ya Ugogo au Urangi na awaulize wazee majina ya huko kabla hajaandika andalio la somo.

Hasara ya kutoujua udongo iliwahi kuonekana papa hapa mkoani. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizuru nchi kwa wiki chache ukapendekeza zifyekwe ekari zaidi ya milioni tatu kwa kilimo cha karanga. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Udongo mwekundu wa Kongwa ulipolowa ulionekana mwema. Ulipokauka uliganda, ukala majembe ya matrekta, na karanga zikakwama ardhini. Ukame na ugumu wa vichaka navyo vilichangia, lakini wenye mpango hawakuwa wameupima udongo huo kwa makini kabla ya kuleta mitambo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ikawa ranchi ya ng'ombe. Ardhi ile haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyolingana na tabia yake.

Basi somo lifundishweje? Mwalimu achague mteremko ulio karibu na shule, achimbe pamoja na wanafunzi mashimo matatu ya kina cha magoti: juu, katikati na bondeni. Kila kundi litazame rangi, tabaka na mizizi inapoishia. Kisha kila mtoto achukue bonge kama yai, alilowanishe, alikande, na kulisukuma kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka litoe utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Ukipita sentimita 5, huo ni mfinyanzi hasa. Darasani, udongo utikiswe ndani ya chupa ya maji: mchanga hutua kwa muda wa dakika moja hivi, ilhali mfinyanzi huweza kuelea siku nzima na zaidi. Mwisho, udongo mwekundu na mweusi uliokandwa ujazwe katika vijaluba vya kiberiti na kukaushwa kivulini. Wanafunzi wapime kwa rula. Wataona wenyewe ni upi uliosinyaa zaidi. Majina yaje baada ya hapo. Mashimo yafukiwe, asije akavunjika mguu mtoto au ndama.

Najua atakayesema kwamba darasa lina wanafunzi 80, kipindi ni kifupi, na mtihani huuliza aina tatu tu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mashimo matatu hugawa darasa kubwa kwa makundi matatu yanayopokezana, na zana zote ni jembe, maji, chupa na vijaluba. Kuhusu mtihani, mtoto aliyetengeneza utepe kwa vidole vyake hatasahau mfinyanzi ni nini. Tena atajua lisiloulizwa na mtihani: kwa nini ukuta uliojengwa juu ya mbuga hupasuka, kwa nini ng'ombe hushushwa bondeni wakati wa kiangazi, na kwa nini kilima kilichopoteza nyasi hakinywi maji tena.

Mvua ya Dodoma haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache tu. Katika nchi ya namna hiyo, udongo ndio ghala la maji, na anayeujua ndiye mwenye ufunguo. Watoto tunaowafundisha leo ndio watakaoamua kesho pa kulima, pa kuchunga na pa kuacha nyasi ziote. Mwanachuo anayekwenda kuwafundisha na achukue jembe pamoja na chaki.