TUSINUNUE SAMAKI KWA NDOO

Ndugu wanaushirika,

Korosho zetu tunazichambua kabla hazijafika ghalani: safi huku, mbovu kule. Mbona vifaranga wa perege tuliwapokea kwa ndoo, tukahesabu tu basi?

Sisi wa kamati tunakiri kosa. Msimu uliopita tulipandikiza vifaranga 400 katika bwawa la ushirika. Tukawalisha pumba miezi sita, wakabaki kama kidole. Siku ya kuvua, mama mmoja akamkamata mmoja ana mayai mdomoni. Kumbe hawakuwa watoto! Walikuwa wazee waliodumaa katika bwawa lililojaa kupita kiasi. Pumba imepotea, na jasho la watu limepotea.

Ndugu, Nachingwea hii hii Waingereza walileta matrekta ya karanga kabla ya kuipima vizuri ardhi na mvua. Mpango ulioanza mwaka 1947 ukavunjwa 1951. Sisi tujifunze kutazama kwanza.

Jumamosi tunakwenda Ruangwa kuchukua vifaranga wengine. Tunasema hivi: kila mmoja atazamwe ndani ya beseni jeupe lenye maji.

Kwanza mgongo. Ukimtazama kwa juu awe amenyooka. Aliyepinda mwacheni, hatanyooka hata mkimlisha nini.

Pili mwili. Unene ulingane na kichwa. Kichwa kikubwa na mwili mwembamba, huyo amedumaa au ameshinda njaa siku nyingi.

Tatu mkia. Uwe mzima, umekunjuka, hauna ukungu mweupe. Uliochanika kidogo kwa wavu tusigombane nao, huota tena.

Mwisho, koroga maji kwa mkono. Mwenye afya hupiga mkia akashindana na mkondo. Mgonjwa huchukuliwa kama jani.

Wapo wanaosema tutachelewesha gari na muuzaji atanuna. Na anune! Fedha ni ya wanachama, na mwenye fedha ana haki ya kuangalia kabla ya kulipa. Heri turudi na 200 wazima kuliko 400 wa kula pumba bure.

Basi twende wengi, hasa akina mama waliovua safari ile, maana wao wameona kwa macho. Wanakisomo wetu waandike: wangapi wamekubaliwa, wangapi wamekataliwa, na kwa sababu gani. Karatasi hiyo itabandikwa hapa hapa ukutani, kila mtu aisome.

Kazi kwetu.

Katibu, kwa niaba ya kamati