MJOMBA, MARK II NA MARK X: GARI LA FAMILIA, FAMILIA YA NANI?



Nimekuwa kimya karibu wiki mbili. Sikuwa naumwa wala sikuwa nimewasusa. Nilikuwa Namasakata, kwetu mkoani Ruvuma, ambako mtandao huja ukipenda na ukiondoka hauagi. Nimerudi na kisa, na kisa chenyewe ni cha gari.

Mjomba wangu amepata pesa ya korosho. Mliotoka kusini mnajua maana yake. Minada ikienda vizuri na malipo yakaingia benki, kijiji kinabadilika ndani ya mwezi mmoja: mabati mapya, bodaboda mpya, ndoa mpya. Mjomba mabati anayo, na ndoa anasema imemtosha. Anachotaka ni gari dogo la kumpeleka bibi hospitali ya wilaya bila kukodi, kubeba wajukuu, na kuweka gunia la mchele kwenye buti. Bajeti yake ni msimu mmoja wa korosho. Akikosea, msimu wa pili wa kufidia hana uhakika nao, maana korosho na mvua hawana mkataba.

Na kwa kuwa mpwa wake anaandika magazetini, basi anajua kila kitu! Akanipigia simu: "Mpwa wangu, nichukue gari gani?" Kwa sisi Wayao mjomba si mtu wa kumjibu ovyo ovyo. Lakini mie nikajibu bila kupepesa macho: "Mjomba, chukua Mark X."

Leo naandika kukiri kwamba nilijibu haraka mno.

Tuanze na historia kidogo, maana vijana wa siku hizi wanadhani dunia ilianza na Crown Athlete. Toyota walianza kuuza Corona Mark II mwaka 1968. Kwa zaidi ya miaka thelathini jina hilo likawa gari la mtu mwenye familia na kazi ya kueleweka kule Japani, na baadaye, likishachoka kidogo, likawa gari la mtu mwenye familia na kazi ya kueleweka huku Bongo. GX100 ya mwaka 1996 tunaifahamu sote, pamoja na ndugu zake Chaser na Cresta. Ikafuata GX110, iliyotoka Oktoba 2000. Hiyo ndiyo Mark II ya mwisho. Novemba 2004 Toyota wakalifuta jina, wakachora gari upya, wakaliita Mark X.

Hapo ndipo ugomvi wa vijiweni ulipoanzia na haujaisha mpaka leo.

Wakati nasubiri basi Songea nilikaa gereji moja saa mbili nzima nikiwasikiliza wapenzi wa magari. Jamani, watu wana imani! Kijana mmoja mwenye Mark X ya namba D alisema GX110 ni gari la mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu. Mwalimu mmoja aliyekuwepo (si mkuu, lakini alijisikia) akajibu kwamba Mark X ni gari la mtu aliyeachwa na mke. Fundi mwenyewe, mikono imejaa grisi, akacheka tu: "Mie yote nayapenda. Hili linanipa kazi kila mwaka, lile kila mwezi." Hakusema lipi ni lipi, na hakuna aliyemuuliza.

Tukiwa wakweli, Mark X ni gari zuri la kutazama. Taa tatu kila upande mbele, egzosi mbili zimezamishwa kwenye bampa, mwili umelala chini kama chui anayevizia. Na si sura tu. GX110 ya lita 2 ina nguvu za farasi 160 na gia nne. Mark X ya kwanza ya lita 2.5 ina farasi 215 na gia sita. Kwenye lami ya Songea kwenda Namtumbo hadi Tunduru, ile ambayo wazee wetu walikuwa wakiisafiri kwa siku mbili za matope wakati wa masika, Mark X inateleza mpaka unasahau kutazama mshale wa spidi. Tairi za mbele na za nyuma zimeachana kwa sentimita 7 zaidi kuliko Mark II, kwa hiyo hata mtikisiko wake ni wa kistaarabu.

Basi ubaya uko wapi?

Kwanza, injini. Mark II ulikuwa unaweza kuipata na injini ndogo ya cc 1988. Mark X haikuwahi kuwa na injini ya lita 2. Inaanzia 2.5 na kupanda. Kwa mtu wa Tokyo huenda hilo ni jambo la kawaida. Kwetu ni pesa. Ushuru wa bidhaa kwa gari linaloingizwa nchini, lenye injini kati ya cc 1000 na 2000, ni asilimia 5. Ukivuka 2000 ni asilimia 10. Hata ukinunua gari lililokwisha kusajiliwa hapa, aliyeliingiza aliweka gharama hiyo kwenye bei. Halafu bado hujafika sheli.

Pili, ile D4 ambayo mafundi wetu wakiitaja wanashusha sauti kana kwamba wanataja ugonjwa. Injini za Mark X hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Ni teknolojia nzuri, sina ugomvi nayo. Ila pampu na nozeli za namna hiyo hazipendi petroli chafu hata chembe, na huku vijijini petroli mara nyingi ni ile ya chupa za maji iliyopangwa juu ya meza, jua linaipiga tangu asubuhi. Tena Mark X ya kwanza, ya lita 2.5, ilitengenezwa itumie petroli ya daraja la juu ya Japani. Toyota wenyewe waliliona hilo. Walipotoa Mark X ya pili Oktoba 2009, injini hiyo hiyo waliirekebisha itumie petroli ya kawaida, nguvu zikashuka kutoka farasi 215 hadi 203. Injini ndogo ya GX110 haina D4. Inakula inachopewa, kama mtoto wa bweni.

Haya yote nilikuwa nayajua kabla ya kumjibu mjomba! Nilijua, na bado nikasema Mark X. Kwa nini? Kwa sababu aliponiuliza gari, kichwani nilijiona mie naendesha, kioo kimeshushwa, muziki upo, abiria hakuna. Sikumwona bibi.

Bibi ndiye aliyenifundisha. Siku ya tatu nikiwa Namasakata alipita kijana mmoja mfanyabiashara wa korosho na Mark X nyeusi, rimu zinang'aa. Mjomba akamwomba: "Hebu mpandishe mama yangu, tuone." Bibi ana nyonga inayomsumbua. Akafunguliwa mlango wa nyuma. Akainama, akasita, akajaribu kuingia kichwa kwanza, akashindwa. Akageuka akaingia kinyumenyume, kilemba kikavuliwa na paa. Watoto wakacheka, wakanyamazishwa. Alipokwisha kukaa akaangalia huku na huku, akasema: "Gari zuri, wajukuu zangu. Ila linanitaka niiname kama naingia banda la kuku."

Nisimwonee mchora gari. Kijana yule alikuwa amekata springi, gari likashuka zaidi ya lilivyotoka kiwandani, na sehemu ya lawama ni yake. Lakini hata bila msumeno, namba zenyewe zinasema. GX100 ilikuwa na kimo cha milimita 1400. GX110 ikapandishwa hadi 1460, ndiyo maana vijana wanaiona imesimama kizee. Mark X ikashushwa tena hadi 1435, na paa lake linateremka mapema kuelekea nyuma. Unaweza kusema milimita 25 ni nini? Mwulize mwenye nyonga mbovu.

Hapa ndipo nikaanza kujiuliza: hivi Toyota walimchorea nani gari hili?

Jibu liko Japani. Mpaka Mark X inatoka mwaka 2004, familia nyingi za kule zilikuwa zimeshaanza kuyaacha magari ya aina ya Mark II. Baba mwenye watoto alikuwa anachukua Noah au mfano wake: mlango wa kuteleza, viti vya safu tatu, bibi anaingia amesimama. Mauzo ya Mark II yalikuwa yameporomoka. Toyota wakaona wateja waliobaki ni wale wanaopenda kuendesha, tena wengi peke yao au wawili. Wakawachorea hao. Hawakukosea kwa hesabu zao, ingawa hata hao wakaja kupungua na Desemba 2019 Mark X ikaacha kutengenezwa.

Kwa maneno mengine, gari la familia lilichorwa upya baada ya familia yenyewe kushuka. Sisi huku tukalipokea miaka kadhaa baadaye, tukalipakia familia tena, watu watano na gunia, halafu tunashangaa kwa nini mgongo unauma.

Wadau, hii ndiyo hoja yangu. Sisi wapenzi wa magari tunapenda kuhukumu gari kwa macho na makalio. Ndio sisi tulioiita Harrier ya watu "tako la nyani". Tunabishana taa, rimu na mlio wa egzosi, na ubishi huo ni mtamu, sitaki ufe. Lakini kuna watu wanatusikiliza wakiwa na pesa ya msimu mmoja mfukoni. Mjomba hakuniuliza gari gani ni zuri. Aliniuliza yeye achukue lipi. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mie nilijibu la kwanza.

Najua mtakuja juu. Mtasema GX110 zimechoka, nyingi zimepitia mikono minne, na mkanda wa taimingi usipobadilishwa kwa wakati ni balaa wakati Mark X ina cheni. Kweli kabisa. Mtasema Mark X ya 2009 kuendelea ni changa zaidi na haidai ile petroli ya daraja la juu. Kweli pia. Kama una kazi mjini, unajaza mafuta sheli inayoaminika, na abiria wako ni mchumba, chukua Mark X na Mungu akubariki. Sina wivu. (Ninao kidogo.)

Ila usimshauri mtu wa kijijini kwa macho ya mtu wa mjini. Kabla ya kutaja jina la gari, uliza nani atakaa nyuma, fundi wa karibu yuko umbali gani, na petroli inauzwa kwenye nini.

Jioni ile nilimfuata mjomba barazani, nikamwomba radhi kwa ushauri wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mpwa wangu, mie nilishaona. Nilikuwa nasubiri uone mwenyewe. Mie sinunui taa."

Mpaka naandika haya bado hajanunua. Kuna GX110 ya cc 1988, namba C, iko Songea, na fundi mmoja ameshatumwa akaikague. Sharti la mjomba ni moja tu: gari lisilipiwe mpaka lifike Namasakata na bibi aingie na kutoka mara tatu bila kushikwa mkono.

Naomba kutoa hoja. Tuko pamoja!