Tumtoe Walibora Chumba cha Mtihani

Tulipowaomba wasomaji watuandikie kuhusu Ken Walibora na waandishi wa rika lake, tulitarajia sifa na rambirambi. Tumeletewa ugomvi. Barua za Litein hazipatani na za Sotik, na walimu wawili wa shule moja mjini Kericho wametuandikia barua zinazopingana aya kwa aya, kana kwamba kila mmoja alichungulia ya mwenzake kabla ya kuipeleka posta.

Wanaomtetea wanasema ndiye aliyewafundisha watoto wa bara kwamba Kiswahili ni chao. Wanaompinga, wengi wao wakiwa vijana, wanasema anahubiri, anamwaga methali pasipohitajika methali, na kila dhalimu wake lazima aadhibiwe kabla ya ukurasa wa mwisho. Kuna na kundi la tatu, lenye hasira zaidi. Hilo halimlaumu Walibora peke yake. Linamsomba pamoja na Kyallo Wadi Wamitila, John Habwe, Mwenda Mbatiah, Clara Momanyi na Assumpta Matei, na kudai kwamba rika zima liliandika huku likiwatupia jicho wanaoteua vitabu vya shule.

Tumechapisha sauti zote tatu. Hata hivyo mhariri naye ana neno, na nitalisema mapema ili asiyeliafiki ajue pa kunijibu: wanaomsifu na wanaomlaumu wanamsoma Walibora yule yule mmoja, wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE. Nje ya karatasi hiyo yuko mwandishi mwingine, na huyo hatujaanza kumjadili.

Yatazameni maoni yenyewe. Ukijua msomaji alimaliza kidato cha nne mwaka gani, umekwisha kujua nusu ya msimamo wake. Waliosoma Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, humzungumzia Msanifu Kombo kama jamaa yao. Waliofika baada ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed kuondolewa kwenye orodha na Kidagaa Kimemwozea kushika nafasi yake, wanamjua Amani na Imani kwa alama: muktadha wa dondoo, alama nne, tamathali iliyotumika, alama mbili, fafanua sifa za Mtemi Nasaba Bora. Baadaye wakaja wa Chozi la Heri, na sasa wapo wa Nguu za Jadi. Kila kundi lilipewa riwaya moja, likaisoma pamoja na mwongozo wake, wengine wakausoma mwongozo peke yake, kisha likaondoka shuleni na hukumu juu ya fasihi nzima.

Msomaji wa namna hiyo hana kosa. Mtoto wa Mogogosiek au Kapkatet anaanza na Kikipsigis nyumbani, anasikiliza Kass FM au Chamgei, Kiswahili anakikuta darasani na sokoni. Akipewa Kidagaa, yenye msamiati wa kumlazimisha afungue kamusi mara tatu kwa ukurasa, ama ataona fahari kuumudu ama ataona ameonewa. Hisia zote mbili ni za kweli, na zote mbili zimo katika barua zetu. Lakini fahari ya kufaulu na uchungu wa kuonewa ni habari za msomaji mwenyewe. Hazijatuambia kama riwaya ni nzuri.

Tuanze na lawama ya lugha, kwa kuwa ndiyo iliyojaza kurasa nyingi. Katika Siku Njema, Walibora alimfanya shujaa wake azaliwe Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, akampa umahiri wa Kiswahili uliowafanya wenzake wamwite Kongowea Mswahili, kisha akamtuma bara, hadi pande za Kitale, kumtafuta baba. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtu wa bara, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Cherangany. Naona hapo mwandishi kijana aliyedhani anahitaji kibali cha pwani ili aandike kwa ufundi. Miaka kumi na sita baadaye, katika Kidagaa, kibali hicho hakiombwi tena. Amani anachunga ng'ombe wa Mtemi huko Sokomoko na anakisema Kiswahili kizito bila mtu kumuuliza alikitoa wapi. Anayeona methali zimezidi ana haki yake, nami katika baadhi ya sura namuunga mkono. Ila asisahau kwamba ukwasi ule ulikuwa pia hoja: mchungaji wa bara anaweza kuwa na lugha kubwa kama ya malenga wa mwambao. Kijana wa Bomet anayeandika leo kwa Kiswahili chepesi, chenye hata Sheng ndani yake, anaandika kwa uhuru ambao wengine waliupigania kwa uzito.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: kwamba dhalimu wa Walibora ni mwovu kupita kiasi. Nasaba Bora ananyakua ardhi kwa hati za kughushi, anaishi katika nyumba ya mlowezi Meja Noon, anamharibu msichana wa shule, na wenye kuubeba msalaba wa mtoto aliyezaliwa ni Amani na Imani. Msomaji mmoja anauliza, nani amewahi kumwona mtu kama huyo?

Katika nchi ya majani chai swali hilo lina majibu. Hapa ardhi ilichukuliwa kwa sheria za wakoloni. Mwaka 1934 serikali yao iliwafukuza watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, na wazao wao wanadai haki mpaka leo. Uhuru ulipokuja, mashamba makubwa ya Kericho hayakurudi kwa waliotolewa. Nyumba ya Meja Noon iliyobadilisha mwenyeji bila kubadilisha desturi zake ni jambo tunalolifahamu vizuri. Na Februari 2023, BBC ilipoonyesha wanawake wa mashambani wakieleza jinsi wasimamizi walivyowataka kimwili ili wapewe kazi, hakuna aliyeishi katika kambi za wachumaji wa chai aliyeweza kusema habari hizo zilibuniwa.

Kwa hiyo uovu wa Mtemi si wa kutunga. Kasoro iko mahali pengine, na hapa nawaunga mkono vijana. Walibora ameukusanya uovu wote ndani ya mtu mmoja. Mtemi akiangamia, Sokomoko inapumua. Ardhi inamrudia Amani, wapenzi wanaoana, mizani inakaa sawa. Tulichokiona kambini hakikuwa na mtemi. Kulikuwa na msimamizi, juu yake meneja, juu ya meneja kampuni iliyobadilisha jina na wenyewe zaidi ya mara moja, na pembeni majirani waliojua wakanyamaza kwa sababu wao pia walikuwa na ndugu anayetafuta kazi. Ukimwondoa mmoja, anakuja mwingine. Riwaya inayomaliza dhuluma kwa kumwondoa dhalimu humpa msomaji faraja ambayo maisha hayajampa, na msomaji wa miaka ishirini na mitano amekwisha kuing'amua.

Kundi la tatu linadai kwamba kasoro hii ilitokana na orodha ya vitabu: riwaya ya shule lazima iwe na funzo. Kuna ukweli, lakini si wote. Wamitila aliandika Bina-Adamu! mwaka 2002, riwaya inayovuruga wakati na mahali na kuutazama utandawazi kwa jicho la kejeli. Hakuna anayeweza kusema iliandikwa ili kumrahisishia mtahiniwa. Rika hilo hilo moja lilifanya majaribio na lilifunza. Sisi tulipokea lililotufikia darasani, kisha tukaliita rika zima kwa jina la hicho tulichopewa.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wetu waitafute Kufa Kuzikana, iliyotoka mwaka 2003. Humo Walibora anasimulia urafiki wa Akida na Tim, vijana wa jamii mbili zinazochinjana. Jamii hizo amezipa majina ya Wakorosho na Wakanju, kejeli inayouma kuliko hotuba zote za Kidagaa. Swali lake ni gumu: mtu akipenda rafiki wa upande wa pili, jamii yake itamwacha ampende? Riwaya ilitoka miaka minne kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007. Waliokuwa katika mashamba ya Kericho Januari 2008 wanajua kilichofuata: wafanyakazi wa jamii nyingine waliochuma majani hapa kwa miongo walikimbia kambi wakiwa na walichoweza kubeba, wakalala vituo vya polisi, na wengine hawakurudi. Ghasia za mwaka 1992 zilikuwa zimekwisha kutuonya. Mwandishi alikuwa ameonya pia.

Hapo ndipo ninapoona ukubwa wake. Walibora alikuwa mtoto wa familia iliyohamia Bonde la Ufa. Suala la mgeni na mwenyeji, la nani ana haki ya kusema "hapa ni kwetu", hakulikuta vitabuni. Linapita katika Siku Njema, linatawala Kufa Kuzikana, linarudi katika tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama, iliyotuzwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 2015. Matei naye alilishika katika Chozi la Heri, pale Ridhaa, aliyeitwa mfuata mvua na majirani zake, anapoipoteza familia yake motoni baada ya uchaguzi. Kwa kipimo hiki, rika hili linalodaiwa kuandikia mtihani ndilo lililoandika kwa Kiswahili jeraha ambalo wanasiasa wetu hulifunika kila baada ya miaka mitano. Walimu wa hapa wanaweza kutueleza jinsi ilivyokuwa kuifundisha sura ya kwanza ya Chozi la Heri katika darasa lenye watoto wa waliokimbia na watoto wa waliowakimbiza. Mmoja wao amefanya hivyo katika toleo hili, na makala yake ndiyo ningependa isomwe kwanza.

Lakini sifa hiyo haifuti deni. Mahali pa Kufa Kuzikana panaitwa Kiwachema. Pa Kidagaa panaitwa Sokomoko. Majina ya kubuni yalikuwa na sababu: yalimlinda mwandishi, yakamruhusu mwalimu kufundisha bila kushtakiwa kwa uchochezi. Yalituruhusu na sisi kujifanya kwamba habari hizo ni za wengine. Adam Shafi alipoandika Kuli mwaka 1979 aliitaja Zanzibar kwa jina, akaitaja bandari, akawaweka wachukuzi na mgomo wao wa mwaka 1948 mahali pao, na hakuna msomaji aliyeweza kujitoa. Mashamba haya yamekuwapo kwa karne moja. Yana wachumaji, nyapara, kambi, vyama vya wafanyakazi, na mashine za kuchuma majani zilizochomwa moto Mei 2023 na watu walioona mkate wao unachukuliwa na chuma. Riwaya ya Kiswahili itakayoyataja haya kwa majina yake bado tunadaiwa, na wa kuilipa ni rika la wanaolalamika.

Wanaolalamika wana nafasi ambayo watangulizi wao hawakuwa nayo. Mtihani wa mwisho wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4 utafanywa mwaka 2027. Katika sekondari ya juu ya mfumo mpya, Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua. Wachapishaji wana hofu, nao wana haki ya kuhofu: orodha ya vitabu teule ndiyo iliyowalisha. Riwaya itapoteza maelfu ya wasomaji wa kulazimishwa. Atakayebaki ni yule aliyekifungua kitabu kwa hiari, na huyo hatauliza maudhui ni mangapi. Atauliza kama kitabu kinamhusu. Rika la Walibora halikuwahi kupimwa na msomaji huyo kwa wingi. Rika linalofuata halitakuwa na mwingine.

Walibora alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi, miezi mitatu baada ya Euphrase Kezilahabi kutuacha. Maneno ya msiba yalizuia mjadala kwa muda, kama ilivyo ada. Muda huo umekwisha. Kezilahabi aligombaniwa tangu Rosa Mistika hadi Nagona na Mzingile, na ugomvi ule ulimweka hai. Sioni sababu ya kumnyima Walibora heshima hiyo hiyo.

Kwa hiyo mjadala hatuufungi, ila tunaubadilishia masharti. Barua za toleo lijalo tutazipokea kutoka kwa yeyote, wa upande wowote, mradi mwandishi wake awe amesoma angalau riwaya moja ya rika hili ambayo hakuwahi kutahiniwa, na aitaje. Anayesema Walibora ni mkubwa atuonyeshe ukubwa huo katika Kufa Kuzikana. Anayesema rika zima lilikuwa la darasani aipitie Bina-Adamu! kwanza, kisha arudi atutukane kwa ushahidi. Na kijana wa Bomet mwenye muswada wa riwaya ya kambini, uliotaja kambi kwa jina lake, asitume barua. Atume sura ya kwanza.