Hoteli ya Mlimani na Fedha za Dunia

Chini ya Mlima Washington, katika jimbo la New Hampshire huko Marekani, ipo hoteli kubwa nyeupe yenye mapaa mekundu. Aliyeijenga ni tajiri Joseph Stickney, akitumia mafundi stadi wa Kiitalia. Aliifungua mwaka 1902. Mwaka uliofuata akafariki.

Wakati wa vita, mwaka 1942, ilifungwa. Lakini mwaka 1944 ilitengenezwa mbiombio, kwa kuwa wajumbe wa mataifa 44 walikuwa wakija mwezi wa Julai kushauriana juu ya fedha, mambo yanayomgusa hata mwenye shamba la kahawa. Humo ndimo lilimofanywa shauri la kuanzisha Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kutoka Afrika walikuwapo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika ya Kusini. Kenya, kwa kuwa ilikuwa koloni, haikuulizwa neno. Ilijiunga mwaka 1964, ikakuta kanuni zimekwisha andikwa.

Mwaka 1991 jengo hilo liliuzwa kwa mnada, dola milioni tatu na kidogo tu. Bei ya ajabu! Walionunua walikuwa wenyeji, wakalikarabati, na tangu mwaka 1999 hupokea wageni hata wakati wa theluji. Chumba yalimotiwa sahihi mapatano kimehifadhiwa.