Elimu ya Mtandaoni na Mwanafunzi Aliye Mbali
Machi 2020, vyuo vyetu vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wengi waliuona ufundishaji wa mtandaoni kuwa mbinu ya dharura tu. Sikubaliani nao. Kwa miaka mingi mwalimu wa Lodwar aliyetaka shahada alilazimika kuliacha darasa lake, au kusubiri likizo ndipo asafiri mamia ya kilomita kuufuata mhadhara. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992; chetu kilipata hati ya kuidhinishwa 2023! Nasi wanafunzi wa Kiswahili tunafaidi zaidi, kwani utenzi uliorekodiwa ukighanwa husikilizwa hata mara ishirini, kazi asiyoiweza mhadhiri yeyote, awe mvumilivu vipi. Ila gharama ya intaneti isipopunguzwa, mwalimu yule wa Lodwar ataendelea kusubiri likizo.